Hadubini Sita za Kabatini

Kwiii.

Huo ndio mlio anaoukumbuka mzee wa maabara mpaka leo: msumari mrefu ukitolewa kwenye ubao wa kasha, polepole, kama mtu anayeng'olewa jino na hataki kulia mbele za watu. Kasha lilikuwa sakafuni mwa maabara, kati ya meza mbili za saruji, naye alikuwa amelipigia magoti na nyundo ya kung'olea mkononi. Misumari ilikuwa kumi na minane. Aliitoa mmoja mmoja, akaipanga juu ya gazeti, kwa sababu msumari nao ni kitu, na kitu hakitupwi.

Alipofika wa kumi, mwalimu wa biolojia alishindwa kuvumilia.

"Mzee wangu, si ungeuvunja tu huo ubao? Tumesubiri miaka miwili."

"Aliyesubiri miaka miwili hashindwi na dakika mbili, mwalimu," alijibu bila kuinua kichwa.

Kasha likafunguka. Ndani yake, katika matandiko ya povu jeupe, zilikuwa zimelala hadubini sita mpya, shingo zimeinama upande mmoja, kama watoto waliolala kitanda kimoja.

Yeye alikuwa mtunza maabara wa shule ile ya sekondari. Hakuwa mwalimu. Alisoma mpaka kidato cha nne, akaajiriwa kufungua mlango asubuhi, kuosha vyombo vya kioo, kupima kemikali, kupanga meza kabla ya somo, na somo likiisha, kukagua kila kilichotoka kama mama anayewahesabu wanawe baada ya mvua ya mawe. Kazi hiyo alikuwa ameifanya miaka ishirini na saba. Wanafunzi walimwita Usiguse. Walisema nyumbani kwake hata chumvi huombwa kwa barua. Walisema siku moja alimkemea nzi aliyetua kwenye mizani, na nzi akaomba radhi.

Alikuwa na sheria moja, na kila aliyepita shule ile aliijua. Kabla ya kuvuka kizingiti cha maabara, mwanafunzi aliweka mikono nyuma, kiganja ndani ya kiganja.

"Macho ni yenu," aliwaambia, "mikono ni yangu."

Basi wakajifunza sayansi hivyo, vizazi na vizazi, wakiinama juu ya meza na mikono nyuma kama ndege waliofungwa mabawa, huku yeye au mwalimu akimimina, akiwasha, akipima. Baadhi yao ni watu wazima sasa, na ukikutana nao dukani, mbele ya vitu vya kioo, utaona mikono inakwenda nyuma yenyewe.

Haikuwa roho mbaya. Mwaka wake wa tatu kazini, shule ilikuwa na hadubini moja tu, nyeusi, nzito, kuukuu. Mwanafunzi mmoja mwenye haraka aliizungusha kuelekea chini mpaka lenzi ikagonga kipande cha kioo kilichokuwa chini yake, na vyote viwili vikapasuka. Mkuu wa shule wa wakati ule hakufoka. Alikuja, akainama, akatazama, akasema, "Basi tena," akaondoka. Na kweli ilikuwa basi tena. Kwa miaka ishirini na minne haikuja nyingine.

Miaka yote hiyo seli waliiona ubaoni. Ni yeye aliyeichora, maana walimu walikuja na kuhama lakini mkono wake ulibaki. Alichora ngozi ya kitunguu kwa chaki, chumba kwa chumba, kila chumba na kiini chake, mstari umenyooka kama uzi wa fundi. Watoto walinakili, wakafaulu mtihani, wakaenda zao. Siku moja msichana mmoja wa mbele alimuuliza, "Kwani rangi yake ya kweli ni ipi?" Akafungua mdomo ajibu, akakuta hakumbuki. Aliwahi kuiona, zamani, mara mbili au tatu. Ilikuwa imemtoka.

Jioni ile aliapa, kimoyomoyo, kwamba kikija kingine hakitavunjika mikononi mwake. Akachukua rangi nyeupe na brashi, akaandika juu ya mlango wa kabati kubwa la mbao: KITUNZE KIKUTUNZE. Kabati lenyewe halikuwa na cha maana ndani. Lakini lilikuwa tayari, kama nyumba inayofagiliwa kungoja mgeni asiyejulikana atakuja lini.

Mgeni alikuja kwa sababu ya mwalimu wa biolojia. Alikuwa binti mdogo, ametoka chuoni mwaka uleule alioajiriwa, mwenye mkoba uliojaa karatasi. Alisikia kuna shirika linalogawa vifaa vya sayansi kwa shule zinazoomba. Akaomba. Akakataliwa. Akauliza kwa nini, akaambiwa maelezo hayakutosha. Akaandika tena, wakati wa mapumziko ya chai, kikombe mkono mmoja, kalamu mkono mwingine: wanafunzi wangapi, meza ngapi, umeme upo au haupo, watakachojifunza ni nini. Safari hiyo wakakubali. Barua ilisema hadubini sita ni awamu ya kwanza. Zikitumika vizuri, itakuja awamu ya pili: kompyuta kumi na mbili, na kila mwaka nafasi mbili za wanafunzi kwenda kambi ya sayansi.

"Zikitumika vizuri," mwalimu alisoma kwa sauti.

"Zikitunzwa vizuri," mtunza maabara alirudia, akidhani amerudia.

Katika matandiko ya kasha mlikuwa na vipakiti vidogo vyeupe, ndani yake chembechembe kama mchanga. Aliviokota vyote, akavisogeza karibu na macho.

"Vimeandikwa visiliwe," alisema.

"Ni vya kunyonya unyevu, nafikiri," mwalimu alisema, macho yote yako kwenye hadubini. "Viache humohumo."

"Mwalimu, hapa ukiandika kitu kisiliwe, ndipo kitakapoliwa." Akavikusanya mpaka cha mwisho, akaenda kuvitupa kwenye shimo la taka nyuma ya shule, asije mtoto akadhurika. Akarudi, akaifunga kila hadubini kwa nailoni, akakaza kwa kamba mara tatu juu na mara tatu chini, kama mtu anayemfunika mtoto kabla ya kumpeleka kwenye baridi. Akazipanga kabatini. Akabana kufuli. Ufunguo akautia kwenye uzi, uzi akauvaa shingoni.

Kabati liliegemea ukuta wa nyuma, ule unaopitiwa na bomba la maji ya mvua. Kila mtu alijua ukuta ule una unyevu. Kalenda iliyotundikwa pale ilikuwa ikijikunja kabla mwezi haujaisha.

Mkuu wa shule alisema wafadhili watakuja mwezi unaofuata kukabidhi vifaa rasmi, watu wapige makofi, picha zipigwe. Mpaka hapo visubiri. Mwezi ukapita, wageni wakaahirisha. Wakapanga tena, wakaahirisha. Mwaka ukakatika. Mwalimu wa biolojia akaenda ofisini kwa mkuu, akatoka mbio, akaja maabara anahema.

"Mzee wangu, mkuu kasema makabidhiano ni sherehe tu. Vitu ni vyetu tangu vilipofika. Ufunguo unao wewe, kasema ukifungua yeye hana neno."

Mtunza maabara aliushika ufunguo juu ya shati. Alikuwa anafuta chupa, akaendelea kuifuta ingawa ilikuwa imeshang'aa.

"Na wageni wakija wakute nini, mwalimu? Alama za vidole?"

"Wakute watoto wanaojua kuzitumia."

"Unawajua hawa watoto wewe? Mimi nawajua. Siku moja tu, mmoja tu, basi tena. Zikae. Akiba haiozi."

Mwalimu angeweza kurudi kwa mkuu, angeweza kupaza sauti. Lakini alilelewa kumheshimu mtu mwenye mvi, na mwenye mvi huyu alikuwa akimpangia meza kila asubuhi kabla hajafika. Akachukua chaki, akaenda darasani kuwaeleza watoto seli kwa maneno.

Sasa, nyumbani kwa mtunza maabara aliishi mpwa wake, mtoto wa dada yake mdogo. Alimchukua akiwa na miaka tisa, mwaka ule kipindupindu kilipopita mtaani kwao, kikaingia nyumba na kuruka nyumba, na ile ya dada yake hakikuiruka. Walisema ni maji ya kisima. Kisima chenyewe kilitiwa dawa, kikafungwa mwezi mmoja, kikafunguliwa, watu wakarudi na ndoo zao, maana kiu haina kumbukumbu.

Msichana alikuwa kidato cha tatu shuleni hapohapo, mpole, mwenye maswali mafupi. Mwaka ule lilitangazwa shindano la sayansi kwa wanafunzi wa kidato cha tatu wa shule zote, na washindi watatu wangesomeshwa sayansi mpaka chuo kikuu. Kwa mtoto wa nyumba ile, hilo lilikuwa daraja la pekee kuvuka mto. Jingine halikuwepo, na wote wawili walilijua bila kulisema. Akaandika kazi yake: maji ya kisima kabla ya kuchujwa, na baada ya kupitishwa kwenye mchanga, mkaa na kitambaa. Kichujio alikitengeneza mwenyewe kwa ndoo mbili. Kilichobaki kilikuwa kuchora vilivyomo ndani ya maji kabla na baada, vile vinavyoonekana kwa hadubini.

Alimwomba mjomba wake jioni moja, mjomba amekaa kibarazani anapiga pasi shati la kesho.

"Mjomba, nipe saa moja tu."

"Ya nini?"

"Ya hadubini. Moja tu. Mwalimu atakuwepo. Wewe pia utakuwepo. Sitapumua juu yake."

Mkewe, aliyekuwa anachambua mchele mlangoni, akacheka. "Mpe basi. Au unataka akuandikie barua?"

Yeye hakucheka. "Nikikufungulia wewe, mtoto wa nyumbani kwangu, wa kwanza kabisa, watasemaje? Watasema kabati la shule limekuwa kabati la ukoo."

"Basi wafungulie wote, mjomba. Mimi niwe wa mwisho."

Mtu mzima akizidiwa hoja na mtoto hupandisha sauti, naye akaipandisha. "Wageni wakija mtaona wote. Maji ya kisima yana nini hata usiweze kusubiri?"

Msichana aliitazama pasi, si uso wake. "Sijui yana nini. Ndiyo maana nataka kuona. Mwalimu kasema kile kilichomchukua mama hakionekani kwa hadubini ya shule, ni kidogo mno. Lakini vingine vitaonekana. Nataka hata hivyo vingine."

Pasi ilikaa mahali pamoja mpaka shati likatoa harufu. Aliiinua haraka. Palikuwa na alama ya rangi ya chai, karibu na mfuko, na alama hiyo haikutoka tena.

"Nitakuchorea," alisema mwishowe. "Wewe lete kitabu. Mkono wangu haujawahi kukosea."

Tusimwone mkatili. Aliketi dirishani Jumamosi mbili mfululizo, penseli tatu zimechongwa, kitabu kikubwa cha maktaba kimefunguliwa kwenye ukurasa wa viumbe wadogo wa majini, akachora. Hakuna baba aliyewahi kumshonea binti yake nguo ya harusi kwa uangalifu kama ule. Alichora viumbe kama viatu, viumbe kama kengele, viumbe wenye nywele pembeni, na wengine kama nyota zenye vyumba vya kioo ndani, hao walimpendeza kuliko wote. Vya "kabla" alivijaza kwenye karatasi nzima. Vya "baada" alivipunguza, akaacha viwili pembeni, kwa kuwa kichujio ni kizuri lakini si mchawi.

Msichana alizishika karatasi kwa ncha za vidole.

"Nzuri sana, mjomba." Kisha akauliza, "Na hawa wamo kwenye maji yetu?"

"Kitabu hakisemi uongo, mwanangu."

Siku ya mwisho ya kupokea kazi ilikuwa Jumatatu. Akazituma.

Majibu yalikuja baada ya wiki saba. Alimwambia mjomba wake neno moja tu, "Hawakunichukua," akaenda kuteka maji. Mjomba akamwambia asivunjike moyo, riziki haina pupa. Msichana akaitikia ndiyo. Barua yenyewe hakuionyesha, na mjomba, kwa kumwonea huruma, hakuiulizia.

Mwezi uleule wafadhili walituma fomu, ijazwe na anayehusika na vifaa. Mkuu wa shule akampelekea mtunza maabara. Katika maisha yake hakuwahi kupewa fomu iliyoandikwa jina la kazi yake juu. Alinawa mikono kwanza. Palipoulizwa hali ya vifaa, aliandika: Vipya kabisa. Palipoulizwa vimetumiwa na wanafunzi kwa saa ngapi kila wiki, alifikiri kidogo, akaona hapa ndipo pa kuonyesha jinsi shule inavyojua thamani ya zawadi. Akaandika kwa mwandiko wake wa ubaoni, herufi zimesimama kama askari: Havijaguswa na mwanafunzi hata mmoja. Akapigia mstari. Mkuu akagonga muhuri bila kusoma, kwa sababu mambo ya maabara ni ya mzee, na mzee hakosei.

Wageni, walioahirisha mara nne, safari hii walikuja baada ya siku tisa.

Walikuwa wawili, mama mmoja wa makamo mwenye miwani na kijana mwenye kamera. Mtunza maabara alivaa koti jeupe lililopigwa pasi, akawasimamisha wanafunzi wa kidato cha tatu ukutani, mikono nyuma. Mpwa wake alikuwa wa tatu kutoka mlangoni. Akautoa ufunguo shingoni, akafungua. Harufu ilitoka kabla ya kitu kingine chochote, harufu ya gunia lililosahauliwa mvuani. Akakata kamba. Akafunua nailoni, na matone ya maji yakatiririka kwa ndani. Vyuma viling'aa bado. Akaiweka hadubini ya kwanza mbele ya mama mwenye miwani, akarudi nyuma hatua mbili, kama anayemkabidhi bibi harusi.

Yule mama aliinama, akazungusha, akazungusha tena. Akaitazama lenzi kwa kuigeuzia dirishani.

"Lete nyingine, mzee," alisema kwa upole.

Akaleta ya pili. Akaleta ya tatu. Mpaka ya sita.

"Njoo uangalie," yule mama akamwambia.

Aliangalia. Ndani ya kioo kile, kisichoguswa na kidole cha mtu, palikuwa na nyuzi nyembamba zilizotambaa kutoka ukingoni kuelekea katikati, zimejigawa matawi kwa matawi, laini, kama mizizi ya kitu kilichopata mahali pazuri pa kuota. Kuvu. Limekula lenzi. Ndicho kiumbe hai cha kwanza alichokiona kwa hadubini baada ya zaidi ya miaka ishirini, na kilikuwa ndani ya hadubini yenyewe.

"Zingekuwa zinatumika," yule mama alisema, "zingepata hewa na mwanga, lisingeota. Kitu hiki kinapenda giza na utulivu." Akatoa ile fomu mkobani, akaitazama, akaikunja bila kuisoma kwa sauti. Huo ulikuwa wema wake. Kamera haikutolewa.

Awamu ya pili ilikwenda shule nyingine.

Siku ile hakuna aliyemlaumu, na hilo lilimuuma kuliko lawama. Mkuu alisema ni bahati mbaya. Wanafunzi, waliokuwa hawaachi mzaha hata msibani, hawakutunga neno. Mwalimu wa biolojia alibaki naye kupanga viti, akauliza tu, "Vile vipakiti, mzee wangu?"

"Nilivitupa."

"Haya."

Akamsaidia kufunga madirisha, akaenda zake. Wiki nzima alikuwa na macho mekundu, akasema ni vumbi la chaki.

Mpwa alimaliza kidato cha nne kwa alama za katikati, alama zisizomfukuza mtu wala kumwita. Nafasi ya sayansi hakupata. Akaingia kwenye karakana ya ushonaji karibu na kituo cha mabasi, wanawake saba na vyerehani saba, yeye akapewa kazi ya matundu ya vifungo kwa kuwa macho yake yalikuwa makali. Hakulalamika. Alipokuwa akihamisha vitu vyake kwenda kupanga chumba na mwenzake, alisahau boksi la madaftari chini ya kitanda. Mjomba aliliinua ili alipeleke, chini likapasuka, na ile barua ya shindano ikaanguka miguuni pake, imekunjwa mara nne.

Aliisoma akiwa amesimama. Waamuzi walisema kichujio kimebuniwa vizuri, wangependa kujua zaidi. Walisema michoro ni mizuri kuliko yote waliyoipokea mwaka ule. Kisha: Hata hivyo, viumbe watatu kati ya waliochorwa huishi baharini tu, na hawawezi kupatikana katika maji ya kisima. Ni wazi kwamba mchoraji hakuona alichokichora. Kwa sababu hiyo kazi hii imeondolewa.

Zile nyota zenye vyumba vya kioo.

Aliikunja barua tena mara nne, akairudisha kati ya madaftari. Akalifunga boksi kwa kamba, akalipeleka karakanani, akamkabidhi. Msichana alimuuliza, "Mbona umepauka, mjomba?" Akasema ni jua. Tangu hapo akawa anapita pale kila Ijumaa akitoka kazini, anasimama mlangoni kidogo, wanazungumza habari za nyumbani, anakwenda. Hakumwambia kwamba ameisoma barua. Msichana alijua, maana alikuta mikunjo imegeuka. Wakaendelea kuulizana habari za nyumbani.

Mwaka wake wa thelathini kazini, mwalimu wa biolojia alimpata fundi wa vyombo vya kioo aliyekubali kujaribu. Hadubini nne hazikupona. Mbili zilipona, zikabaki na kovu pembeni, lakini katikati palionyesha. Mwalimu akaziweka juu ya meza ya dirishani, mchana kutwa, kwenye hewa. Watoto walizishika. Mtunza maabara alikaa kwenye kiti chake kwenye kona, viganja juu ya magoti, akaitazama mikono ile kumi, ishirini, na kila mmoja ulipozungusha, moyo wake ulizunguka nao. Kabati alikuwa amelikwangua maandishi yake kwa kisu.

Zikahitajika mifuniko ya kitambaa, ya pamba, inayopitisha hewa. Mwalimu aliipeleka kazi ile karakanani, na mwenye karakana akampa msichana wa matundu ya vifungo. Aliishona kwa vipimo vilivyoandikwa kwenye kipande cha karatasi.

Aliileta mwenyewe, Ijumaa alasiri, ikiwa imebaki wiki moja mjomba wake astaafu. Shule ilikuwa imetawanyika. Alikuwa msichana wa miaka ishirini sasa, uzi mweupe umemganda kwenye sketi. Akaweka mifuniko mezani. Mjomba akaivisha hadubini moja mfuniko wake, akavuta pembe, ukakaa sawasawa.

"Vipimo havikudanganya," msichana alisema.

"Mkono ndio haukudanganya." Akauvua ule mfuniko, akaukunja. "Ngoja kidogo. Usiende."

Kwenye dirisha palikuwa na chupa ndogo ya dawa, imeoshwa. Alikuwa ameijaza maji asubuhi, kabla ya kuja kazini, kutoka kisima kile. Alitoa tone moja kwa kijiti, akaliweka juu ya kipande chembamba cha kioo, akakifunika kwa kingine, akakisukuma mahali pake. Akageuza kioo kidogo cha chini kikadaka jua la dirishani.

"Ni ya kisimani," alisema.

Msichana alielewa. Akasogea. Akasimama mbele ya meza, na bila kufikiri, kama mtu anavyovua viatu mlangoni, akapeleka mikono nyuma, kiganja ndani ya kiganja, akainama.

Alikaa hivyo muda mrefu.

"Sioni kitu, mjomba. Weupe tu."

Kila jicho lina umbali wake. Hadubini lazima izungushwe na anayetazama, kidogo kidogo, mpaka weupe upasuke na vilivyomo vijitokeze, na hilo hakuna awezaye kumfanyia mwenzake. Yeye alilijua hilo kabla msichana huyu hajazaliwa. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeshanyooka kuelekea kile kigurudumu cha pembeni, umefika nusu ya njia. Akautazama. Akaurudisha, akautia mfukoni mwa koti jeupe, akaubana humo.

Msichana alikuwa bado ameinama, shingo imeinama, viganja vimekumbatiana mgongoni, vidole vina alama ndogondogo za sindano.

"Mikono mbele, mwanangu," alisema, kwa sauti ambayo pengine hata yeye hakuisikia.